Chembe, Punje na Kipenyo: Istilahi za Kupima Ukubwa Katika Utengenezaji wa Polima

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia katika robo hii ni moja lililotoka Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi. Mwalimu wa kemia akaaye huko alikuwa akifasiri maelezo kuhusu utengenezaji wa polima, na ndani yake mlikuwa na sura nzima ihusuyo kupima ukubwa wa vitu vidogo vidogo vinavyozaliwa ndani ya tangi wakati kazi ikiendelea. Yeye aliviita vitu hivyo "punje". Mwenzake aliyeipitia tafsiri akasahihisha kuwa "chembe". Mtu wa tatu, mtumishi wa serikali ambaye ndiye aliyeihitaji tafsiri ile, akataka "chembechembe", kwa kuwa ndilo neno alilolizoea katika habari za damu. Mwalimu akatuuliza: lipi kati ya hayo ndilo sanifu?

Tulipoyasoma maelezo yenyewe tuliona kwamba swali la mwalimu ni nusu tu ya jambo. Wenzetu watatu walibishana juu ya jina la kitu, ilhali neno lenye hatari zaidi lilipita bila kupingwa na yeyote. Neno hilo ni "ukubwa". Katika kurasa chache lilikuwa limetumika kwa maana tatu mbalimbali, na tarakimu zilizofuatana nalo hazikuweza kulinganishwa. Mtu anayeagiza malighafi kwa kuitegemea tafsiri ile angeweza kukataa mzigo mzuri au kupokea mbaya, wala pasiwe na aliyemdanganya. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu swali lake, kisha tuseme kidogo juu ya lile ambalo hakuliuliza.

Chembe, punje na ushanga

Polima ni dutu ambayo molekuli zake ni ndefu mno, kwa kuwa zimeungwa kutokana na molekuli ndogo zinazojirudia kama pete za mnyororo. Molekuli hizo ndogo huitwa monoma. Bomba la maji la PVC, rangi ya maji ipakwayo ukutani na tairi la gari vyote vina polima. Polima nyingine hutoka shambani, kama utomvu wa mpira uliogemwa katika mashamba ya Muheza. Kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha, kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2009, kilikuwa kikiishi kwa polima tangu siku yake ya kwanza.

Zipo njia kadhaa za kuunda polima, na mbili kati yake ndizo zinazotuhusu hapa. Katika njia ya kwanza, monoma hutiwa ndani ya maji na kukorogwa kwa nguvu hata ikagawanyika kuwa vitone, kama mafuta yanavyogawanyika yakipigwa pamoja na maji. Kila kitone hugeuka kuwa kigumu pale pale kilipo. Tunapendekeza njia hii iitwe "upolimishaji wa vitone". Katika njia ya pili hutiwa sabuni, na polima huzaliwa ndani ya maji ikiwa midogo kiasi kwamba haitui chini. Kitokacho ni maji meupe mazito, mfano wa maziwa. Hii tunapendekeza iitwe "upolimishaji wa utomvu", kwa sababu kitu hicho hakina tofauti ya sura na utomvu utokao katika mti wa mpira.

Sasa turudi kwa wabishi wetu watatu. Neno "punje" kwa asili ni la nafaka: punje ya mtama, punje ya mahindi. Punje huonekana, huhesabika, huchekechwa, na mtu akiimimina mkononi huihisi. Neno "chembe" ni la kitu kidogo kuliko hicho, na mara nyingi halitaji umbo lolote, ndiyo maana twaweza kusema kwamba fulani hana hata chembe ya huruma. Fizikia imelichukua kwa maana ya kipande kidogo cha maada. "Chembechembe" limekwisha kukaa katika elimu ya tiba, pamoja na chembechembe nyekundu na nyeupe za damu, nasi hatuoni faida ya kuliondoa huko alikozoea kulisikia mgonjwa.

Kati ya punje na chembe hatuna haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Kiwanda chenyewe kinazihitaji zote mbili, na mfano ulio wazi kabisa ni PVC. Polima hiyo haiyeyuki katika monoma yake. Kwa hiyo kitone kinapoanza kugeuka, polima hujitenga ndani yake ikiwa vipande vidogo sana vya kama mikromita 1, vipande hivyo hushikamana, na mwisho kitone kizima huwa kitu kimoja chenye vinyweleo, kipana kama mikromita 100 hadi 150. (Mikromita 1 ni sehemu ya 1,000 ya milimita.) Kile kipana ni punje; vile vilivyomo ndani yake ni chembe. Mfasiri aliyeviita vyote "chembe" hataweza kuifasiri sentensi isemayo kwamba chembe zikishikamana mno, punje hunyonya vibaya mafuta ya kuilainisha. Atasema kwamba chembe zikishikamana, chembe hunyonya vibaya, na mafundi watacheka.

Polistirini nayo ina tabia nyingine. Huyeyuka katika monoma yake, kwa hiyo kitone hakifanyi vinyweleo bali hubaki duara gumu linalopenya nuru. Hapo neno lililo bora kuliko punje na chembe ni "ushanga", na wingi wake ni "shanga". Utomvu una chembe tu, tena za kiasi cha mikromita 0.1 hadi 0.5 katika rangi nyingi za maji. Na plastiki iliyokwisha kutumika ikasagwa ili irudi kiwandani hutoa vipande vyenye pembe pembe visivyo na umbo moja. Kwa hivyo tunapendekeza "chenga", neno ambalo kila mpishi wa wali analijua.

Kwa vitu vilivyoshikamana tunapendekeza tofauti moja zaidi. Vikiwa vimegusana tu na vyaweza kuachana vikitikiswa, viitwe "kichala", kama kichala cha zabibu. Vikiwa vimeungana hata haviachani, viitwe "donge".

Hapa yatupasa tuseme neno juu ya taratibu. Wasomaji wetu wanajua kwamba anayetafuta istilahi huanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo huenda kwa lugha za kigeni. Katika kazi hii tumelazimika kwenda nje kwa majina ya dutu tu, yaani polima, monoma, polistirini na mengine ya jinsi hiyo. Majina ya maumbo na vitendo yalikuwapo jikoni na ghalani, yakisubiri kuitwa.

Ukubwa ni nini?

Mtu anayekaa Moshi hana haja ya kwenda mbali ili aone jinsi neno "ukubwa" linavyoweza kuficha mambo. Katika kazi ya kukoboa kahawa, punje zilizokobolewa hupitishwa juu ya machekeche, yaani mabamba ya chuma yenye matundu ya duara, na kila chekeche lina namba. Namba hiyo ni idadi ya sehemu za 64 za inchi zilizomo katika upana wa tundu. Chekeche namba 18 lina matundu ya inchi 18/64, yaani milimita 7.14. Kahawa ya daraja AA kwa sehemu kubwa ni ile inayoshikwa na chekeche hilo. A, B na C hufuata kadiri matundu yanavyopungua.

Lakini kazi haiishii hapo. Ipo punje ambayo imekua peke yake ndani ya tunda badala ya kukua mbili mbili, nayo huwa ya mviringo. Hiyo hupewa alama PB, na katika kuitenga hutumiwa machekeche yenye matundu marefu membamba, kwa sababu tundu la duara hupima upana ilhali tundu refu hupima unene. Zipo pia punje zilizo pana za kutosha lakini nyepesi. Hizo hutengwa kwa hewa, nazo ndizo zenye alama kama AF na TT. Kwa hiyo punje mbili zilizopita tundu moja zaweza kuishia katika magunia mawili yenye bei mbali mbali. Mfanyakazi wa pale hasemi kwamba hii ni kubwa kuliko ile, akanyamaza. Anajua kama imepimwa kwa tundu au kwa upepo.

Kiswahili kina vitenzi vya tofauti hiyo tangu zamani. Mwanamke mwenye ungo hupepeta, na hewa huchukua kilicho chepesi. Mwenye chekeche huchekecha, na tundu huamua. Anayeacha maji ya mto yatuame hadi mchanga uende chini kwanza na tope baadaye, huyo naye anapima, ingawa hajui. Hivyo vitendo vitatu ndivyo vilivyoko katika maabara ya polima, pamoja na cha nne ambacho ni kuangaza nuru. Kila kimoja hutoa tarakimu yake.

Tatizo ni kwamba kitu kisicho mviringo kamili hakina kipenyo kimoja. Kijiti cha kiberiti hupita tundu la milimita 3 kikisimama wima, ingawa urefu wake ni mara nyingi ya hapo. Ili kuondoa ugumu huo, wataalamu husema: tuuchukue mfano wa tufe ambalo lingefanya vile vile kama kitu hiki kinavyofanya, kisha tutaje kipenyo cha tufe hilo. Tunapendekeza kipenyo cha namna hiyo kiitwe "kipenyo linganifu", na mfasiri aseme daima kinalinganishwa kwa kitendo gani.

"Kipenyo cha chekeche" ni upana wa tundu dogo kuliko yote ambalo kitu kimepita. "Kipenyo cha kutuama" ni cha tufe la dutu ile ile lizamalo kwa mwendo ule ule katika kimiminiko. Kanuni yake ilitolewa na George Gabriel Stokes wa Uingereza mwaka 1851, nayo yasema kwamba tufe lenye kipenyo mara mbili huzama kwa mwendo mara nne. "Kipenyo cha upepo" ni cha tufe lenye uzito kama wa maji kwa ujazo ule ule, lishukalo hewani kwa mwendo ule ule. Hiki cha mwisho ni muhimu kwa watumishi wa afya na kazi. Onyo juu ya vumbi la chini ya mikromita 10 huhesabiwa kwa kipenyo cha upepo, maana shida ni mahali ambapo vumbi litafika ndani ya mapafu, wala si jinsi linavyoonekana chini ya darubini. Anayeandika "vumbi dogo" katika bango la kiwandani hajasema kitu.

"Kipenyo cha nuru" kina matawi mawili, nasi twaomba radhi kwa kuwa hapa jambo linakuwa jembamba. Tawi la kwanza hutazama jinsi nuru ya leza inavyopinda ikipita kando ya vitu: vidogo huisambaza kwa pembe pana, vikubwa kwa pembe nyembamba. Tawi la pili hufaa kwa chembe za utomvu, ambazo ni ndogo mno. Chembe hizo hutikisika bila kukoma kwa kupigwa na molekuli za maji, mtikisiko uliochunguzwa na Robert Brown mwaka 1827, na kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo mtikisiko wake ulivyo wa haraka. Chombo husoma mtikisiko na kukisia kipenyo. Lakini kinachotikisika ni chembe pamoja na utando wa sabuni na maji ulioishikilia, kwa hiyo tarakimu huwa kubwa kuliko ile ipatikanayo kwa darubini ya elektroni, ambayo huipiga picha chembe ikiwa kavu. Tafsiri isiyotaja njia itamfanya msomaji adhani kwamba mmoja wa wapimaji wawili amekosea.

Kuna mtego mwingine wa namba ambao ungeweza kumnasa hata mfasiri hodari, hasa wa Moshi. Machekeche ya waya yatumiwayo katika maabara nayo yana namba, lakini huko namba ni hesabu ya matundu katika inchi moja. Matundu yakiwa mengi huwa madogo. Kwa hiyo katika kahawa namba ikipanda tundu hukua, na katika waya namba ikipanda tundu hupungua: katika vipimo vya Marekani, chekeche namba 100 lina matundu ya mikromita 150, na namba 200 ya mikromita 75. Chekeche namba 18 la kahawa, tulilolitaja, ni la milimita 7.14. Chekeche namba 18 la waya ni la milimita 1. Pendekezo letu ni kali kidogo: katika hati yoyote ya Kiswahili, namba ya chekeche isiandikwe peke yake bila upana wa tundu kwa milimita au mikromita, hata kama hati ya asili haikuutaja. Mfasiri auhesabu au auulize.

Machekeche ya waya nayo yana mwisho wake. Ya kawaida hushuka hadi mikromita 20 tu. Punje za PVC huchekechwa bila shida. Chembe za utomvu haziwezi kuchekechwa kamwe, na mfasiri akikuta sentensi inayodai hivyo ajue kwamba ama hati ina kosa, ama yeye amechanganya punje na chembe.

Wastani wa nini?

Mwalimu wetu alifasiri "ukubwa wa wastani ni mikromita 0.2" na akaendelea mbele. Tunamwomba arudi nyuma kidogo.

Tuseme kuna utomvu wenye chembe 1,000 za kipenyo cha mikromita 0.1 na chembe moja ya mikromita 1. Tukijumlisha vipenyo na kugawanya kwa idadi ya chembe, wastani ni kama mikromita 0.10. Ile kubwa haionekani kabisa. Lakini ujazo wa tufe hukua kwa mchemraba wa kipenyo, kwa hiyo chembe moja kubwa ina uzito sawa na wale wadogo 1,000 kwa pamoja. Tukihesabu kwa uzito, nusu ya polima iko katika mikromita 0.1 na nusu nyingine iko katika mikromita 1, na wastani ni mikromita 0.55. Utomvu ni ule ule, chembe ni zile zile, nazo tarakimu zimeachana zaidi ya mara tano.

Hakuna kati ya wastani hizo mbili iliyo ya uongo. Anayetaka kujua chembe ngapi zilizaliwa atahitaji ya kwanza. Anayeuza kwa kilo atahitaji ya pili. Njia ya upimaji nayo huvuta upande wake. Chombo kilichobuniwa na Wallace Coulter wa Marekani, na kupewa hataza mwaka 1953, hupitisha chembe moja moja katika kitundu chenye umeme na kuzihesabu. Ndicho kilichoingia mahospitalini kuhesabia chembechembe za damu, na wastani wake wa asili ni wa idadi. Chekeche hupimwa kwa mizani, kwa hiyo wastani wake ni wa uzito. Nuru ina upendeleo kuliko vyote: kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la nuru, chembe yenye kipenyo mara mbili hutawanya nuru mara 64. (Namba hii haihusiani hata kidogo na 64 ya kahawa.) Madoa machache ya donge yaweza kuifunika sauti ya chembe zote.

Kwa hiyo tunapendekeza "wastani wa idadi", "wastani wa uzito" na "wastani wa nuru", na neno "wastani" lisisimame peke yake katika hati za zabuni wala za viwango. Alama D50 iachwe kama ilivyo na kufafanuliwa: ni kipenyo ambacho nusu ya mzigo iko chini yake na nusu iko juu yake. Nusu ya idadi au ya uzito, hilo nalo lisemwe. Kwa jinsi vipenyo vilivyoenea kutoka kidogo hadi kikubwa tunapendekeza "mtawanyo".

Kupima kazi ikiendelea

Sehemu hii ya maelezo ya mwalimu ndiyo iliyotufurahisha zaidi, kwa kuwa ina matendo mengi. Polima ikiwa bado tangini haikai ikasubiri mpimaji. Ukichota sampuli ukaipeleka maabara, mmenyuko huendelea ndani ya chupa, kama maharage yaliyoepuliwa yanavyozidi kulainika ndani ya sufuria ya moto. Kwa hiyo hutiwa dawa ya kuukomesha, ambayo tunapendekeza iitwe "kikomesha mmenyuko". Utomvu mzito hauwezi kupenywa na nuru, sharti uongezewe maji. Na maji yakiwa mengi au yakiwa na chumvi, sabuni hulegea na chembe hushikamana, hata mpimaji akapima vichala alivyoviumba mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda kuchota. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha PVC huko Louisville, Marekani, walipatwa na saratani ya ini isiyo ya kawaida, na chanzo kikaonekana kuwa monoma yake, kloridi ya vinili. Tangu hapo kulifungua tangi kumekuwa jambo la kuhesabiwa. Vipimo vimesogezwa kuelekea ndani ya mtambo, na mfasiri hana budi kutofautisha pale ambapo hati zinatofautisha. "Kipimo cha maabara" ni cha sampuli iliyopelekwa mbali. "Kipimo cha kando" hufanywa karibu na tangi kwa sampuli iliyochotwa. "Kipimo cha mchepuko" ni pale sehemu ya mkondo inapopitishwa katika bomba la pembeni lenye chombo, kisha ikarudi. "Kipimo cha ndani" ni pale kichunguzi kinapozamishwa katika tangi lenyewe. Hati nyingi za viwandani huvitenga vinne hivyo, nasi tumeona wafasiri wakivikusanya vyote katika maneno "upimaji wa moja kwa moja".

Kitenzi "kukua" nacho kitazamwe. Katika upolimishaji wa utomvu, chembe huzaliwa nyingi mwanzoni. Baadaye idadi haibadiliki sana, na kila chembe hunenepa. Kwa sababu ya mchemraba tuliokwisha kuutaja, wakati nusu tu ya polima imeundwa, kipenyo kimekwisha kufikia asilimia 79 ya kile cha mwisho. Afisa anayeisoma chati ya "ukuaji" bila kuambiwa kwamba ni ukuaji wa kipenyo ataamini kwamba kazi inakaribia kwisha, ilhali nusu ya monoma ingali ndani ya tangi, na joto lake lingali linakuja. Basi iandikwe "kukua kwa kipenyo" au "kuongezeka kwa polima", kila kimoja mahali pake.

Vyombo hivi vyote huhitaji kitu cha kuvisahihishia, na hapa tumekutana na habari ambayo hatukuweza kuiacha. Chembe za polistirini zilizo sawa sawa hutumika kama jiwe la mizani. Kuziunda kubwa na sawa duniani ni kazi ngumu, maana huelea au huzama, na zikikorogwa hushikamana. John Vanderhoff wa Chuo Kikuu cha Lehigh na wenzake walizipeleka katika chombo cha angani Challenger mwaka 1983, mahali ambapo hakuna kuzama, na zikatoka chembe za mikromita 10 hivi zilizolingana mno. Mwaka 1985 idara ya vipimo ya Marekani ilianza kuziuza katika vichupa, zikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa iliyotengenezwa nje ya dunia. Tumezipa jina "chembe za rejea".

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana ofisini. Utomvu wa mpira ukitiwa asidi kwa makusudi huganda, na wagemaji husema hivyo hivyo. Lakini utomvu wa kiwandani waweza kuharibika wenyewe, mabonge yakajaa tangini na kuziba mabomba. Mmoja wetu, mzaliwa wa Pangani, anashikilia kwamba hapo pasemwe utomvu "umekatika", kama tui la nazi linavyokatika likichemshwa bila kukorogwa, na kwamba "kuganda" kubaki kwa jambo lililokusudiwa. Wengine wanaona kwamba "kukatika" kutamchanganya msomaji wa bara, ambaye hukatikiwa na umeme na maji kabla ya kukatikiwa na tui. Walimu na mafundi wa rangi, wa mpira na wa plastiki walio na neno lao la kazini kwa jambo hilo tunawaomba watuandikie, wakitaja mahali linapotumika na sentensi moja ya mfano.